Simba Florida, mtoto kalala!

Mpenzi msomaji, kama ulikulia Dar basi bembea za Idi pale Mnazi Mmoja huzisahau. Gauni jipya linawasha, viatu vinabana, hela ya Idi umeifumba mkononi mpaka inaloa jasho, na jamaa mmoja mwenye misuli anasukuma bembea huku akidai nauli kama kondakta wa daladala. Ukishuka kichwa kinazunguka, unanunua ubuyu, unarudi kupanga foleni. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu. Na watoto wa miaka miwili hawakwenda. Walibaki nyumbani na bibi wakila tambi.

Ndiyo maana Agosti mwaka jana, nilipowaaga wenzangu kwamba nakwenda Marekani kumsalimia dada, na kwamba tutampeleka mwanawe kwenye viwanja vya michezo vya Disney, waliniona nimechanganyikiwa. "Mtoto wa miaka miwili? Atakumbuka nini huyo?" Mmoja akasema hela hiyo bora ninunue kiwanja. Kiwanja gani cha hela hiyo, hakusema.

Swali lenyewe si la kipuuzi. Wataalamu wa saikolojia wanasema watu wazima wengi hawakumbuki karibu lolote lililowapata kabla ya kufika miaka 3 au 3 na nusu hivi. Yaani kila dola utakayotumia, mwenye shughuli ataifuta kichwani kabla hata hajaanza chekechea. Nikamfikishia mama swali hilo akiwa barazani anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Uji niliokuwa nakunywesha unaukumbuka?"

"Hapana, mama."

"Haya. Na hiyo miguu unayotembelea imetoka wapi?"

Nikafunga mdomo wangu.

Sasa lazima nikueleze kidogo habari za nyumbani, la sivyo mengine hutayaelewa. Dada ana miaka sita hajarudi Bongo, ni mambo ya karatasi za ukaazi, wenye ndugu huko mnajua. Mama naye miguu inamsumbua, presha ipo, na daktari kashamwambia asifikirie safari ya ndege ya saa ishirini. Kwa hiyo mama hajawahi kumshika mjukuu wake. Wanajuana kwa simu tu. Kila Jumapili mama anakaa uani, anaona uso wa mtoto kwenye kioo, na kwa kuwa mtoto hatulii kuongea, mama huigeuza simu akamwonyesha kuku wake. Matokeo yake bibie anaongea Kiingereza cha katuni kutwa nzima, na Kiswahili chake chote ni maneno matatu: bibi, njoo, na kuku.

Kabla sijaondoka mama akanipa kanga doti moja ya kumpelekea mjukuu, na agizo. "Mkienda huko kwenye wanyama, mnipigie. Nataka nimwone anavyomwona simba."

Basi bwana, nikafika Orlando. Pale Disney wana viwanja vinne. Cha kwanza, Magic Kingdom, kilifunguliwa mwaka 1971, na cha nne, Animal Kingdom, tarehe 22 Aprili 1998. Hicho cha nne ndicho chenye wanyama wa kweli, hai, wanaokula majani na kunya kama wa kwetu. Dada anaishi mwendo wa nusu saa kutoka langoni na miaka yote sita hajakanyaga. Anahudumia wazee zamu za usiku, mumewe anaendesha malori ya masafa marefu, leo Georgia, kesho Texas. Muda wa kujivinjari utatoka wapi?

Kilichomshtua ni hesabu. Mtoto ambaye hajafika miaka 3 anaingia bure. Akishafika tu, anakata tiketi, na tiketi ya mtoto wa miaka 3 hadi 9 haipishani sana na ya mtu mzima, ambayo ni zaidi ya dola 100 kwa siku moja. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya robo milioni kwa kichwa, na hapo hujala. Bibie alikuwa anatimiza mitatu Oktoba. "Mdogo wangu," dada akaniambia siku ya pili tu niko pale, bado usingizi wa ndege haujaniisha, "tunakwenda mwezi huu au hatuendi tena." Akabadilishana zamu na wenzake, akafanya usiku tatu mfululizo ili apate ile siku moja.

Joto la Orlando mwezi wa nane ni lile la Dar ya Februari, ila ukaondoe upepo wa bahari. Tukaamka saa kumi na moja alfajiri. Ukimpeleka mtoto sehemu kama ile nenda mapema, geti linapofunguliwa uwe umesimama pale, maana saa za asubuhi ndizo zenu. Mchana jua linachukua zake, na usingizi wa mtoto unachukua zake.

Kuhusu kigari cha kusukumia mtoto, mimi na dada tulibishana njia nzima. Kila mzazi pale anacho, ni bahari ya vigari, na vingine vina feni na kishikio cha kahawa. Lakini kwenye foleni za michezo mingi haviingii, unakiacha sehemu ya maegesho. Kuna wafanyakazi kazi yao ni kuvipanga, kwa hiyo ukirudi chako kimeshasogezwa na unakitafuta kama gari lako nje ya ukumbi wa harusi. Dada kigari chake kikawa cha kubebea mikoba. Bibie nikamfunga mgongoni kwa ile kanga ya mama. Nakuapia, kwenye foleni ya dakika hamsini hakuna mashine inayoishinda kanga. Akina mama wa Kizungu watatu walinisimamisha kuniuliza nimeifungaje, na mmoja nikamfunga mwanawe pale pale. Alitembea hatua tano huku kashikilia matako ya mtoto kwa hofu, kisha akacheka.

Chakula unaruhusiwa kuingia nacho. Walinzi wanakagua mfuko tu. Sisi tulikuwa na maandazi, ndizi mbivu na chupa za maji, na maji ya barafu kwenye kikombe unapewa bure kwenye vibanda vya chakula vyenye mashine za soda, ukiomba. Halafu kuna chumba maalumu cha watoto wachanga na wadogo, katikati ya kiwanja, bure kabisa. Kina sehemu ya kunyonyeshea, meza za kubadilishia nepi, viti virefu vya kulishia, na mahali pa kupashia chakula moto. Na kiyoyozi! Dada alikaa pale dakika kumi kafumba macho, mtoto hata hakuwa na haja ya kubadilishwa.

Utauliza, na wakubwa je? Mnakwenda kusukuma watoto tu? Hapana. Pale kuna mlima wa bandia wenye urefu wa mita 60 hivi, umepewa jina la Everest. Tangu mwaka 2006 kuna treni inayoupanda, inafika juu inakuta reli imeng'olewa, halafu inarudi kinyumenyume gizani. Mtoto chini ya sentimita 112 hapandi, wanampima kwa fimbo. Bibie alifika usawa wa kiuno changu. Lakini kuna utaratibu wa kupokezana: mmoja anapanga foleni na kupanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wa pili anapitishwa njia ya mkato bila kusota upya. Mwambie tu mfanyakazi wa pale mlangoni kabla hamjaanza kupanga.

Nikapanda mimi kwanza. Nilipiga kelele ambazo sitazielezea hapa. Nikashuka, nikampokea mtoto, nikamsukuma dada aende zake, nikakaa kwenye benchi na bibie na andazi.

Ukikaa kwenye benchi kama lile unaona mengi. Kuna baba alikuwa anabembeleza kitoto kinacholia huku yeye mwenyewe anakaribia kulia. Kuna nyanya mmoja kashika mikoba saba. Yeye mwenyewe Walt Disney alikuwa akisimulia kwamba wazo la viwanja hivi lilimjia kwenye benchi. Siku za Jumamosi aliwapeleka mabinti zake wawili kwenye bembea ya farasi wa mbao katika Griffith Park, Los Angeles. Wao wanazunguka, yeye kakaa peke yake anatafuna karanga, akajiuliza kwa nini hakuna mahali ambapo mzazi na mtoto wanafurahi pamoja. Disneyland ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Na mpaka leo, ukiwa na mtoto mdogo, mmoja wenu bado yuko kwenye benchi anatafuna.

Dada alishuka kutoka Everest nywele zimesimama, anacheka na machozi yanamtoka. Akaniambia, "Unajua sijapiga kelele tangu nije nchi hii? Kwenye nyumba zile ukipiga kelele jirani anaita polisi." Akakaa, akala andazi. Sikumuuliza zaidi.

Kutoka pale ukitembea kidogo unavuka kutoka Asia kwenda Afrika. Ndivyo kiwanja kilivyogawanywa. Na hapo ndipo mie na dada tulipoanza kushikana mikono kama wasichana wa shule. Kuna kijiji kizima kinaitwa Harambe, wamekijenga kwa mfano wa miji ya pwani yetu, hasa Lamu. Msanii mkuu wa kiwanja, Joe Rohde, na wenzake walisafiri mpaka Afrika Mashariki kutazama. Kuta wamezichubua kwa makusudi zionekane zimepigwa na chumvi ya bahari, matangazo ya ukutani yamechanika kwa makusudi. Yaani siye huku tunahangaika kupaka rangi, wao wanalipa fundi aichubue! Kuna duka linaitwa Mombasa Marketplace, kuna kibanda cha vitu baridi kinaitwa Tamu Tamu, kuna baa inaitwa Dawa. Dawa ya nini? Ya kiu, bila shaka. Dada alisimama mbele ya kila kibao akisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua. Halafu anamwambia mtoto, "Sema: tamu." Bibie anamtazama tu. "Sema basi, mama. Ta-mu." Kimya. Mara ya nne nikamwambia dada tukapange foleni ya simba.

Safari yenyewe inaitwa Kilimanjaro. Kilimanjaro katika Florida, jimbo tambarare kama chapati, ambalo kilima chake kirefu kuliko vyote hakifiki hata mita 110! Unapanda lori la wazi, linazunguka katika ekari 110 hivi za nyika, kama dakika 18 au 20, na hakuna kipimo cha urefu, hata kichanga anapanda. Dereva akashika kipaza sauti, "Jambo!" Lori zima likajibu, "Jambo!" Mie na dada tukajibu, "Hatujambo!" Dereva akageuka kututazama kwenye kioo.

Hapa nikuambie siri. Mimi Mtanzania halisi, mzaliwa wa Temeke, simba hai sikuwahi kumwona. Twiga na tembo nimewaona dirishani kwenye basi la Iringa, maana barabara inakatiza katikati ya Mikumi. Simba hakuna. Serengeti naiona kwenye kalenda. Kiingilio cha raia kwenye hifadhi zetu si kitu cha kutisha. Kinachoua ni gari na mahali pa kulala, na ule uvivu wetu wa kudhani wanyama ni wa wageni. Sasa nimevuka bahari kwenda kumwona simba kwenye nyika iliyopandwa na watu, yenye mibuyu ya zege. Mibuyu ile haina ubuyu, msomaji. Imejengwa.

Mtoto akamwona twiga. Akanyoosha kidole, akasema neno la Kiingereza, akafurahi vizuri tu. Dada akaanza kumpigia mama. Florida ilikuwa saa tano na dakika kumi na kitu asubuhi, Dar inaelekea saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Simu inaita, haipokelewi. Lori linayumba. Tukapita tembo. Nikageuka kumwangalia bibie mapajani mwangu, kichwa kimelegea, mdomo wazi, kalala fofofo. Tumeamka alfajiri, joto, andazi tumboni, lori linambembeleza, ulitaka afanye nini?

Ndipo mama akapokea, na papo hapo dereva akapunguza mwendo na kusema upande wa kulia kuna simba.

"Mwamshe," dada akaniambia.

"Dada, kalala."

"Mwamshe! Usiku tatu nimefanya kazi kwa ajili ya hii! Mama yuko kwenye simu!" Watu wa benchi la mbele wakageuka. Akamshika mtoto shavu, akampigapiga taratibu. Bibie akakunja uso, akazika pua kwenye kanga, akaendelea na usingizi wake. Simba naye alikuwa amelala juu ya jiwe, dume na jike mmoja, miguu wameitupa upande. Dada akaigeuza simu kuelekea kule, mkono unatetemeka. "Mama, huyo simba, unamwona? Huyo kwenye jiwe."

Nikasikia mama anasema, "Namwona. Sasa achana na simba, nionyeshe mtoto."

"Mama, amelala. Samahani. Tulitaka..."

"Nionyeshe hivyo hivyo."

Dada akaishusha simu. Kwenye kioo mama yuko uani, giza linaingia, na nyuma yake naisikia kabisa adhana ya Magharibi kutoka msikiti wa mtaani kwetu. Mama hakusema kitu. Lori likaondoka kwa simba, likapita faru weupe, na mama bado anatazama. Halafu akasema, taratibu, "Sijawahi kumwona amelala." Na kweli. Siku zote tunampigia akiwa macho, anakimbia, anavuta simu, ni pua na paji la uso tu. "Analala kama wewe," akamwambia dada. "Na mdomo wazi hivyo hivyo. Hiyo si ile kanga yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi msimwamshe. Ngoja nikaswali, msikate, iwekeni hapo hapo." Akaiegemeza simu yake kwenye ndoo, akaondoka. Tukabaki tunatazama uani kwetu tupu, kuku wanaingia bandani mmoja mmoja, mpaka lori likasimama na tukaambiwa tushuke. Dada alikuwa ameegemeza kichwa begani kwangu. Usiku tatu hizo zilikuwa zimemfika na yeye.

Mengine yalikwenda haraka. Bibie aliamka karibu saa saba, ana njaa na hasira, akalia mpaka watu wakatupisha meza. Kule wamejaa ndege weupe wenye mdomo mrefu wa rangi ya chungwa uliopinda, kwarara, wanazurura chini ya meza wakiokota makombo bila kumwogopa mtu, kama kuku wa uswahilini. Hakuna aliyewaleta kwa maonyesho, ni ndege wa Florida tu waliojigundulia mahali pa kula bure. Mtoto akamwona mmoja. Machozi yakakatika. Akashuka kitini.

"Kuku!"

Dada akaacha kukunja nepi.

"Kuku! Njoo! Kuku, njoo!" Akamfukuza kwarara kuzunguka meza, kupita kibanda cha vitu baridi, kurudi, ndege anaruka hatua mbili anatua, bibie anamfuata mikono mbele. Robo saa nzima. Hakutaka treni, hakutaka kupiga picha na panya mwenye masikio. Watu wakawa wanapita na mtoto anawapigia kelele kwa Kiswahili, katikati ya kijiji cha Lamu ya bandia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Kiswahili cha pale kilikuwa kinafanya kazi. Dada alirekodi yote, akamtumia mama.

Saa nane ngurumo zikaanza. Florida mwezi wa nane mvua ya radi ni karibu kila mchana, usipigane nayo, na usisubiri ianze ndipo utafute kigari. Tukajibanza chini ya varanda la mojawapo ya yale majengo yaliyochubuliwa, mtoto mgongoni, anawatafuta kuku wake kwenye mvua. Simu ya dada ikalia. Dar ilikuwa saa tatu na ushei usiku, mama alituma ujumbe wa sauti. Dada akauweka kwa sauti ya juu ili na mtoto asikie.

"Nimeona. Mwambieni huyo si kuku. Lakini akimkamata, amlete kwa bibi yake."